Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Neno "Kula" Katika Mazungumzo ya Mwanza

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya watu wanaohamia Mwanza kikazi au kimasomo, ambao Kiswahili cha darasani wanakijua vizuri, lakini wakishuka tu stendi ya Nyegezi wanakutana na kitenzi kimoja kifupi ambacho kondakta, wakili, muuza dagaa na fundi wa pikipiki wanakitumia kila mmoja kwa namna yake, wakati mezani hakuna chakula chochote. Maswali yaliyomo ni yale ambayo wageni wangu wameniuliza mara nyingi zaidi. Sehemu kubwa ya misemo hii inasikika pia Dar es Salaam, Dodoma na kwingineko nchini. Sidai kwamba imezaliwa ziwani, ila mifano nimeichukua ninapoishi.

Kwa nini kitenzi cha chakula kimeenea mpaka kwenye viapo, hasara na vifungo?

Kwa sababu katika Kiswahili kula si kutafuna tu. Ni kukiingiza kitu ndani yako kwa namna ambayo hakirudi tena kilikotoka. Kilicholiwa kimekwisha kwa mwenyewe, na sasa kipo kwa aliyekila. Wavuvi wazee wakisimulia jinsi furu, samaki wadogo wa ziwani, walivyoadimika, baada ya sangara kuingizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, husema kwa kifupi kwamba sangara "kawala", na hapo neno linabeba maana zote mbili kwa pamoja: wameliwa kweli kwa meno, na wamekwisha.

Ukiishika maana hiyo ya kuingia na kutorudi, misemo mingi inafunguka yenyewe. Aliyekula kiapo hawezi kukitapika. Aliyekula hasara, hasara hiyo imekuwa yake, hakuna wa kumpokea. Aliyekula fedha za kikundi, fedha hizo hazionekani tena. Kwa hiyo ukisikia neno geni limefuata baada ya "kula", jiulize mambo mawili: kitu hicho kimemwingia nani, na je, ni kitamu au kichungu? Kikiwa kitamu, mlaji amefaidi. Kikiwa kichungu, mlaji ameumia. Ipo misemo inayokataa kanuni hii, nayo nitaitaja mahali pake.

Jirani yangu ameniambia Jumapili wanakwenda "kula bata". Je, nitarajie nyama ya bata?

Hapana, na ukiuliza bata yuko wapi utachekwa mpaka jioni. Kula bata ni kustarehe kwa kutumia fedha: kukaa mahali pazuri, kunywa, kusikiliza muziki, pengine kuagiza sato wa kukaanga mzima na ndizi pembeni. Nyama ya bata yenyewe ni adimu sana katika starehe hizo. Mtu anayependa mambo hayo huitwa mla bata, na neno "bata" peke yake limeshakuwa jina la starehe, ndiyo maana utasikia mtu akisema kwamba mwaka huu kwake ni bata tu.

Wapo ndugu wa msemo huu. Kula ujana ni kuufurahia wakati wa ujana kabla majukumu hayajaingia. Kula raha hakuhitaji maelezo. Kula kuku kwa mrija ni kuishi maisha ya anasa iliyopindukia, na nadhani uzuri wa msemo huo ni kwamba jambo lenyewe haliwezekani: kuku haingii kwenye mrija, na ndiyo maana anayeweza kumla hivyo lazima awe tajiri kupita akili. Kula shavu ni kupata nafasi nzuri ya kazi au dili, mara nyingi kwa kubahatika au kwa kushikwa mkono na mtu. Kuhusu ufukweni, Kiswahili sanifu kinasema kupunga upepo, lakini vijana wanaokwenda kukaa juu ya mawe jioni upande wa Capri Point husema wanakwenda kula upepo, na sioni sababu ya kuwasahihisha.

"Imekula kwako" maana yake nini, na ni nini hasa kilichokula?

Maana yake ni kwamba hasara ya jambo hilo imekuangukia wewe. Ukinunua simu mtaani bila risiti, ukafika nyumbani ukakuta haina sauti, imekula kwako. Ukimsubiri fundi aliyekuahidi saa tatu asubuhi, akatokea saa kumi wakati umeshapoteza siku nzima ya kazi, imekula kwako pia. Msemo una namna ya onyo, "itakula kwako", ambayo husemwa kabla ya tukio na watu wanaokupenda, au angalau wanaotaka kukumbukwa kwamba walikuonya.

Swali la kilichokula ni gumu zaidi. Kiambishi "i" pale mwanzoni hakirejelei nomino yoyote iliyotajwa. Kinarejelea hali nzima, kama vile katika "imekuwaje" au "imeshindikana". Kilichobaki ni picha ya hali inayopita ikitafuta upande wa kuumia, kisha ikaula upande wako. Ni msemo wa mtaani, haufai katika barua ya ofisi, lakini sijui msemo mwingine wa Kiswahili unaoeleza hasara ya kujitakia kwa maneno machache hivyo.

Mtu "akila tatu" na mtu "akila tano" wanatofautianaje?

Swali hili liliulizwa na mgeni aliyekuwa ametoka Uwanja wa CCM Kirumba, na alikuwa na haki ya kuchanganyikiwa. Timu iliyokula tatu imefungwa mabao matatu; ikila tano, imefungwa matano, na mashabiki wake wanatafuta njia ya nyuma. Lakini mtu akikuinulia kiganja na kukuambia "kula tano", anakupongeza, na unatakiwa ugonge kiganja hicho kwa vidole vyako vitano. Tofauti iko katika namna ya kitenzi: kinapokuwa amri, unapewa, kinapokuwa habari ya mtu aliyepambana, amepigwa.

Katika kundi hilo la kupigwa kuna kula kichapo, kula bakora, kula ngumi na kula mweleka, huu wa mwisho ukiwa na maana ya kuanguka chini kwa kishindo, si lazima katika mchezo wa mieleka. Kipindi cha mvua, njia za milimani kule Mabatini zinapoteleza, kula mweleka ni jambo la kila asubuhi.

Nimesoma gazetini kwamba mshtakiwa "ala mvua 30". Ni mvua ya aina gani?

Ni miaka ya kifungo. Mvua hapa inahesabiwa kama misimu, kila mwaka na mvua yake, na mfungwa anasemwa kuwa atazila zote akiwa ndani. Idadi ya 30 inajirudia mno katika vichwa vya habari kwa sababu ndiyo adhabu inayotajwa na sheria za Tanzania kwa baadhi ya makosa makubwa, ukiwamo unyang'anyi wa kutumia silaha. Msemo huu ni wa mtaani na wa magazeti mepesi. Karani wa mahakama haandiki hivyo katika hukumu.

Je, "kula kiapo" na "kula njama" nayo ni misemo ya mtaani?

La. Hayo ni matumizi sanifu kabisa, na yanaandikwa katika nyaraka za serikali na mashtaka ya mahakamani. Samia Suluhu Hassan alikula kiapo cha urais tarehe 19 Machi 2021, na hakuna mtu aliyeona neno hilo kuwa la mzaha. Ukitaka kumtaja anayeongoza tendo hilo, utatumia kuapisha: jaji mkuu anaapisha, rais anaapishwa au anakula kiapo. Wazee wenye Kiswahili cha pwani husema pia kula yamini, kwa maana ileile. Kula njama ni kupanga uovu kwa siri na mwenzako, na katika hati za mashtaka limo kama lilivyo: "kula njama ya kutenda kosa".

Kula rushwa nako ni sanifu, ingawa hapa kuna jambo la kuangalia. Anayekula ni yule anayepokea. Anayetoa hali chochote, kwa lugha, ingawa kwa sheria wote wawili wana hatia. Nimesikia watu wazima wakijitetea kwamba wao "hawajala", wakimaanisha kwamba walitoa tu, kana kwamba kitenzi ndicho kinachohukumu.

Kiongozi alisema "atakula sahani moja" na wavuvi haramu. Je, amepatana nao?

Kinyume chake. Huu ndio msemo unaowapoteza wageni kuliko yote, kwa sababu katika desturi zetu kula kutoka sahani moja ni alama ya undugu, na hata methali inamshauri anayekula na kipofu asimguse mkono. Lakini mtu akitangaza kwa sauti nzito kwamba atakula sahani moja na fulani, ni tishio: atamfuata, hatamwachia nafasi, watabanana uso kwa uso mpaka mmoja ashindwe. Katika mikutano ya hadhara ya mialoni, yaani kwenye fukwe wanakoshushia samaki, ambako nyavu za makokoro na za macho madogo hukamatwa na kuchomwa moto, msemo huu husikika mara kwa mara, na wanaohusika huuelewa mara moja.

Kinachoamua maana ni sauti na wakati. Kitenzi kikiwa cha wakati ujao, mnenaji akiwa ana cheo, na mtajwa akiwa ana kosa, ni tishio. Mama mwenye nyumba akikuambia mje mle sahani moja, nawa mikono ukae.

Katika kikundi chetu cha akina mama wanasema "leo anakula fulani". Je, ni wizi wa wazi namna hiyo?

Hapana, na hili linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu katika fedha za pamoja kitenzi kimoja kinataja haki na dhuluma kwa wakati mmoja.

Katika mchezo, ambao wengine huuita upatu, watu huchangishana kiasi kilekile kila siku au kila wiki, na jumla yote hukabidhiwa mtu mmoja kwa zamu. Tuseme wako kumi, kila mmoja anatoa shilingi 5,000 kwa siku. Basi kila siku kuna mtu anayeondoka na shilingi 50,000, naye kijumbe, yaani msimamizi wa mchezo, anaandika jina lake katika daftari. Mtu huyo ndiye "anayekula" siku hiyo. Ni haki yake, amepangiwa, na kesho yake atarudi kuwachangia wengine mpaka mzunguko uishe. Wafanyabiashara wa dagaa katika soko la Mwaloni Kirumba, ambako mzigo wa samaki wakavu huondoka kwenda mikoani na hata nchi jirani, wengi wao wamekuza mitaji yao kwa njia hiyo, mtu akisubiri zamu yake ya kula ili aongeze magunia.

Sasa mtu akisema "kijumbe kala hela", mambo yamebadilika. Hapo kula ni kufuja, kutumia kisicho chako. Niliwahi kukaa kando ya kikao cha kikundi kimoja wakati mama mmoja alipoinuka kwa hasira akasema: "Mimi tangu mzunguko uanze sijala, na huyu ameshakula mara mbili." Kijana mgeni aliyekuwa karibu nami alinong'ona kwamba kumbe hata chakula cha mchana hapa kinagombaniwa. Mama yule alikuwa anatumia maana zote mbili katika sentensi moja: yeye hajala haki yake, na mwenzake amekula zaidi ya haki.

Namna ya kutofautisha ni kutazama kitajwacho baada ya kitenzi. "Anakula leo", bila kutaja kitu, ni zamu. "Anakula mchezo" ni zamu pia. "Kala hela", "kala za watu", "kala michango" ni tuhuma, na usiitamke mbele ya mtajwa kama huna daftari mkononi. Methali ya mla mbuzi hulipa ng'ombe hutajwa sana katika vikao vya aina hii, na mara chache ng'ombe huyo huonekana.

"Ulaji" ni nini? Na "mlaji" ni mtu mroho?

Ulaji, katika lugha ya mtaani, ni nafasi yenye manufaa: cheo, zabuni, safari yenye posho. Mtu akiondolewa katika nafasi hiyo husemwa kwamba ulaji umeota mbawa. Mlaji ni neno jingine kabisa katika uchumi: bei ya mlaji ni bei anayolipa mnunuzi wa mwisho, na haki za mlaji ni haki zako wewe unayenunua sukari dukani. Mroho huitwa mroho.

Kula buyu, kula kobisi, kula kona: hapa kitamu kiko wapi?

Hapa ndipo kanuni yangu ya tamu na chungu inapokwama. Kula buyu ni kunyamaza, hasa unapotakiwa kusema. Mtu maarufu akiulizwa kuhusu ndoa yake asijibu, magazeti yataandika kwamba "ala buyu". Jambo la kuchekesha ni kwamba ubuyu, zile mbegu zenye sukari na rangi zinazouzwa nje ya shule, ni jina la umbeya: anayemwaga ubuyu anatoa siri zote, anayekula buyu hatoi hata moja.

Kula kobisi ni kutulia tuli bila kujishughulisha na jambo. Mwezi unapokuwa mpevu, dagaa hawavutwi vizuri na mwanga wa taa, kwa hiyo wavuvi wengi huipandisha mitumbwi na kupumzika siku kadhaa. Ukimkuta mmoja wao amelala chini ya mwembe saa nne asubuhi, atakujibu kwamba anakula kobisi mpaka giza lirudi. Kula kona ni kuondoka ghafla au kukwepa, kama anavyofanya mdaiwa akimwona mdai wake mbele. Katika misemo hii mitatu kinacholiwa hakimfaidishi wala hakimuumizi mtu. Ni kama kinywa kimejazwa ili mtu asisumbuliwe.

Kwenye daladala nimesikia "wamekula vichwa vyetu". Niogope?

Usiogope. Vichwa ni abiria. Gari lililokula vichwa ni lile lililopakia abiria waliokuwa wanangojewa na gari jingine, na ugomvi huo utausikia kati ya makondakta njia yote ya Igoma au Buhongwa. Wewe lipa nauli yako.

Je, vitu visivyo hai navyo vinakula?

Vinakula sana, na hapa kanuni ni nyepesi: kinachotumia kitu kingine mpaka kukimaliza kinakila. Gari linakula mafuta, simu inakula chaji, video zinakula bando, pasi ya umeme inakula uniti za LUKU kabla shati la pili halijanyooka. Foleni inakula muda. Kabla Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, halijafunguliwa mwaka 2025, msafiri wa kwenda Sengerema au Geita aliweza kusema kwamba kivuko kimekula nusu ya siku yake, na hakuna aliyembishia.

Kitu kinapopungua kidogo kidogo chenyewe, tunatumia kulika: chuma kimelika kwa kutu, sabuni imelika, kisigino cha kiatu kimelika upande mmoja. Fundi akikuambia tairi lako "linaliwa upande wa ndani", anakushauri ukapime mpangilio wa magurudumu. Usiende kutafuta mnyama.

Kwa nini watu hucheka nikisema "nimeliwa"?

Kwa sababu umegusa namna ya kutendwa, ambayo ina hatari zake. Katika kamari na biashara, kuliwa ni kupoteza fedha: aliyeweka shilingi 2,000 katika mkeka wa mechi, yaani tiketi ya kubashiri matokeo, akakosa husema ameliwa elfu mbili yake. Hiyo haina ubaya. Lakini kumla mtu, bila kutaja fedha, kuna maana ya kufanya naye mapenzi, tena kwa lugha isiyo na heshima, na hivyo "nimeliwa" peke yake, bila kitu chochote baada yake, huleta kicheko au ukimya. Ushauri wangu ni kwamba umalizie sentensi kila mara: "nimeliwa hela", "nimeliwa nauli". Kula tunda ni namna ya kufunika jambo hilohilo kwa lugha ya bustani, na hata hiyo haifai mbele ya wakwe.

Ipo maana ya tatu ambayo mgeni wa Kanda ya Ziwa anapaswa kuijua, na hapa sina mzaha. Kusema kwamba mtu "anakula watu" ni kumtuhumu uchawi. Katika mikoa hii wazee, hasa wanawake, wamewahi kuuawa kwa kushukiwa hivyo, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Vijana wa mjini hutumia maneno ya aina hiyo kwa utani, wakimsifu mchezaji hodari au mwanafunzi anayewashinda wenzake. Usiuhamishe utani huo kijijini, na usimwambie kamwe bibi wa mtu, hata kama mnacheka.

Kwa nini ni "nimekula" lakini "sijala"? Ile "ku" imekwenda wapi?

Mzizi wa kitenzi hiki ni "-la" tu, silabi moja. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na viambishi kama -na-, -me-, -li- na -ta- havipendi kuubeba mkazo huo, hivyo ku- hubakizwa ili iubebe: ninakula, nimekula, nilikula, nitakula. Viambishi vingine vinaweza kuubeba, na ku- haihitajiki: sijala, sili, nile, akila, alaye. Katika namna ya kutendwa mzizi umeshakuwa mrefu, kwa hiyo tunasema imeliwa, na "imekuliwa" ni kosa, ingawa utalisikia sana.

"Ala" ya magazetini ni wakati wa -a-: waziri ala kiapo, timu yala kichapo. Hupendwa na wahariri kwa kuwa ni fupi. "Kala" ya mtaani ni "amekula" iliyofupishwa, nayo ibaki katika mazungumzo.

Kitenzi hiki kina mtoto mmoja ambaye wengi hawamjui kuwa ni wa ukoo huu. Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula, yaani mkono unaotumika kwa kula. Kulia kwa machozi ni neno jingine, na kufanana kwao ni kwa bahati tu.

Mwenyeji wangu alisema wanakwenda "kupiga kula". Je, alikosea?

Alimaanisha kura. Kisukuma, ambacho ndicho lugha ya kwanza ya wengi mkoani, hakina sauti ya r katika maneno yake ya asili, na ndiyo sababu utakutana na akina Malia waliobatizwa Maria. Kila baada ya miaka 5, uchaguzi mkuu unapofika, utani wa kura na kula hurudi, na watani wa Wasukuma hawauachi upite. Katika maandishi tofauti hii ni lazima ishikwe. Katika mazungumzo, mnaelewana, na kumsahihisha mtu mzima mbele ya watoto wake ni utovu wa adabu kuliko kukosa r.

Je, lugha za jirani nazo zinakula mambo yasiyo chakula?

Ndiyo, kwa kuwa mzizi huu umeenea katika lugha za Kibantu. Msukuma anasema kulya, Mhaya na Mganda nao vivyo hivyo. Katika falme za kale za magharibi na kaskazini mwa ziwa, mtawala aliyetawazwa alisemwa kwamba amekula ngoma, ngoma ikiwa alama ya enzi. Ukirudi hapo juu kwenye kile nilichosema kuhusu ulaji na vyeo, utaona kwamba mtaa haukubuni jambo jipya sana.

Nikipita mahali watu wanakula wakasema "karibu tule", nikae au niende?

Inategemea nani amesema na mara ngapi. Mara moja, mkono ukiwa bado sahanini, ni adabu. Jibu "asante, endeleeni" na upite. Mara mbili, na mtu amesogea kukupa nafasi, wamemaanisha. Kwa mzee usianze na "umekula?", anza na shikamoo, kisha ukitaka kumwalika mwambie "karibu chakula, mzee". Na katika nyumba za Kisukuma, hasa ukikuta michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na maziwa ya mgando vimeshatengwa, ukikataa mara ya tatu mwenye nyumba atauliza kama kuna ugomvi asioufahamu. Kaa, nawa, ule hata tonge mbili.